Kengele, Kaburi na Kivuko: Vinara wa Ng'ambo ya Mombasa

Mgeni akifika Mombasa, wenyeji humpeleka Fort Jesus, wakamzungusha vichochoro vya Mji wa Kale, kisha wakampiga picha chini ya pembe za Moi Avenue. Si vibaya. Ngome ile Wareno walianza kuijenga 1593, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini hayo yote yako kisiwani, na kisiwa ni sehemu ndogo tu ya Mombasa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.2 katika kaunti nzima. Wa Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, walikuwa kama 154,000. Sisi wengine wote tunalala ng'ambo: Kisauni upande wa kaskazini, Likoni kusini, Changamwe na Jomvu magharibi. Kila alfajiri tunavuka kwenda kutafuta, kila magharibi tunarudi, na njiani tunayapita majengo na mahali ambapo mambo makubwa yalianzia, wala hatugeuzi shingo.

Nimeyakusanya hapa kwa kile ambacho kila kimoja kimevishinda vingine. Sikutafuta kilicho kirefu wala cha gharama. Sehemu kubwa ya historia ya ng'ambo iliandikwa na watu waliofika mikono mitupu, na rekodi zao ni za namna nyingine. Mara tatu nimevuka mpaka wa kaunti, kwa kuwa barabara ni ileile na habari ni ileile.

Sauti iliyofika mbali zaidi: kengele ya Freretown

Makanga wa matatu za Kisauni huliita jina hili kutwa nzima: "Kengeleni! Kengeleni!" Abiria anashuka, mmoja anaelekea sokoni Kongowea, mwingine Nyali, na kengele yenyewe iko palepale njia panda, imetundikwa juu ya mnara wake mdogo, huku tuktuk na malori yakisukumana pembeni. Wengi hudhani ni pambo la barabara.

Ilitundikwa ili kuokoa watu. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alikwenda Unguja kumshinikiza Sultani Barghash, na mwaka huohuo mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini ukatiwa sahihi. Manowari za Kiingereza zikawa zinayakamata majahazi yaliyobeba watumwa. Likazuka swali: hawa waliokombolewa wakae wapi? Kwao ni Uyao, ni Umakua, ni Unyasa, miezi ya kutembea kwa miguu katika njia zilezile walikotekwa. Ndipo William Salter Price wa Church Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kianglikana, akaandaa ardhi huku Kisauni, na mwaka 1875 kijiji kikaanza. Kilipewa jina la Frere. Kwa hiyo Freretown si Freetown, ingawa wengi wetu tunaitamka hivyo. Freetown ni ile ya Sierra Leone, ambayo nayo ilianzishwa na watu waliotoka utumwani, zaidi ya miaka 80 kabla ya hii yetu.

Mwaka ule wa kwanza manowari Thetis ilishusha watu kwa mamia. Jaribu kuiona siku hiyo. Mtu ametekwa mbali, ametembezwa hadi pwani, amepakiwa jahazini kama gunia, amekamatwa tena na watu wa rangi asiyoijua, sasa anashushwa kwenye ufuo ambao hajui ni wapi, na jirani yake hazungumzi lugha yake. Lugha waliyokutania ilikuwa Kiswahili.

Waliowapokea hawakuwa Wazungu peke yao. Palikuwa na walioitwa Waafrika wa Bombay: watoto waliotekwa huku kwetu, wakaokolewa baharini, wakapelekwa India na kulelewa Nasik. Huko walifunzwa kusoma na kufanya kazi za mikono, kisha wakarudi pwani wakiwa watu wazima. Mmoja wao alikuwa Matthew Wellington, Myao aliyezaliwa kwa jina la Chengwimbe. Alikuwemo katika msafara ulioubeba mwili wa Livingstone kutoka katikati ya bara hadi pwani, na aliishi hapa Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935.

Matajiri wenye mashamba hawakukipenda kijiji hiki, maana watumwa wao walikuwa wakitorokea huko. Tishio la kuvamiwa lilikuwa la kweli. Ikilia kengele, aliyekuwa shambani aliacha jembe, mama alikusanya watoto, na wote walikimbilia mahali pamoja. Watu waliowahi kuuzwa mara moja walijua vizuri wanakimbia nini.

Na sauti ya Freretown haikuishia kwenye mlio wa shaba. Mwaka 1934 James Mbotela, mzaliwa wa kijiji hiki na mtoto wa waliokombolewa, alichapishiwa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichoisimulia habari hii kwa Kiswahili, kwa maneno ya wenyewe. Familia hiyohiyo ndiyo iliyotupa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye kwa kipindi chake cha Je, Huu ni Uungwana? aliingia katika kila nyumba ya Kenya iliyokuwa na redio. Nikiipita kengele ile huwa nawakumbuka hao wawili.

Si mbali na hapo pana Kanisa la Emmanuel, la miaka ya 1880, ambalo bado lina waumini wake kila Jumapili. Freretown ndiko Askofu James Hannington alikowapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler mwaka 1885, wote wawili Waafrika wa Bombay, wa kwanza kupewa daraja hilo la Kianglikana katika nchi ambayo leo ni Kenya. Na shule ya wachungaji iliyofunguliwa hapa 1903 ilihamia Limuru mwaka 1930. Leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's. Ukikutana na mhitimu wake, mwambie mizizi ya chuo chake iko Kisauni.

Ningeambiwa nichague mnara mmoja tu wa Mombasa uhifadhiwe na mingine yote iachwe, ningeuchagua huu wa Kengeleni, na Fort Jesus inisamehe. Ngome ilijengwa ili wachache waushike mji. Kengele ilitundikwa ili watu wasishikwe tena.

Kaburi lililotangulia: Mkomani

Karibu na daraja la Nyali, upande wa Mkomani, bahari ikiwa mbele na Mji wa Kale ukionekana ng'ambo ya maji, pana mnara wa kumbukumbu ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani. Krapf mwenyewe hakuzikwa hapo. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina, aliyekuwa mjamzito. Mwezi Julai Rosina akajifungua binti, homa ikamshika, akafa. Mtoto hakukaa siku nyingi akamfuata mama yake. Krapf naye alikuwa kitandani na homa hiyohiyo. Aliwazika huku bara, na katika barua aliyoiandikia kamati yake ya Uingereza akalitaja kaburi hilo kuwa ishara kwamba kazi imeanza.

Ndilo kaburi la kwanza la wamisionari wa Kiprotestanti katika pwani hii. Mimi hulihesabu pia kuwa kaburi la Kiswahili, kwa sababu mjane huyo hakurudi kwao baada ya msiba huo. Alibaki, akawa anasikiliza na kuandika maneno ya Mvita na ya vijiji vya jirani, na mwaka 1882, muda mfupi baada ya kifo chake, kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka. Anayechunguza leo jinsi Kimvita kilivyosemwa zama zile bado anaifungua.

Jina zito kuliko yote: Jumba la Mtwana

Endelea na barabara ya Malindi, pita Bamburi, pita Shanzu, vuka daraja la Mtwapa. Sasa uko Kaunti ya Kilifi, lakini hujafika mbali. Njia ya vumbi inakata kulia kuelekea baharini, na chini ya mibuyu ndipo ulipo mji uliohamwa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Watu waliishi hapo katika karne ya 14 na mwanzoni mwa ile ya 15, kisha wakaondoka, na msitu ukaufunika. Mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua mwaka 1972. Misikiti minne, kaburi moja na nyumba nne bado zinatambulika sawasawa.

Jina hatujui lilipewa na nani, lakini maana yake iko wazi: nyumba kubwa ya mtumwa. Ukitoka Kengeleni ukafika hapa kwa siku moja, utaona jinsi neno hilo lilivyoiandama pwani yetu.

Msikiti wa baharini ndio utakaokushika miguu. Kuta za matumbawe zimesimama, mawimbi yako hatua chache chini yake. Nje pana birika la kutawadhia, na karibu yake yamepachikwa ardhini mawe ya matumbawe yenye uso wa kukwaruza, ili muumini asugue nyayo zake kabla ya kuingia. Inama uyaguse. Vijitundu vya matumbawe bado vinakwaruza kiganja kama kipande cha jiwe la kusugulia miguu tunachokiweka bafuni nyumbani. Mawe mengine yote ya mji ule yanaeleza habari za wenye mali, na hayo mawili matatu yanaeleza habari za mtu aliyetoka ufuoni na mchanga miguuni, akataka kuswali akiwa safi.

Ukipenda bahari na utulivu, hakuna magofu mazuri kuliko haya karibu na Mombasa. Nenda asubuhi.

Kongwe kuliko kuta zote: Mtongwe

Likoni haina ngome wala jumba la kifahari la kuonyesha, na watu wake wamezoea kuambiwa kwamba hawana historia. Basi isikilizwe hii. Miaka ya 1980 watafiti kutoka Japani, wakiongozwa na Gishin Omi, walichimba Mtongwe na kukuta zana za mawe za watu wa kale sana, zama ambazo nyumba ya udongo ilikuwa bado haijafikiriwa. Hata Mvita yenyewe kwa hizo ni mtoto mchanga. Jengo hakuna, ni ardhi tu, lakini katika orodha ya ukongwe Mtongwe inakaa kileleni peke yake.

Mtongwe ina kumbukumbu nyingine, nayo ni ya uchungu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyokuwa ikivuka kutoka huko kwenda kisiwani ilipinduka, na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wakienda kazini. Ndiyo ajali kubwa kuliko zote katika vivuko vyetu, na hapana familia ya Likoni ya zamani isiyojua jina la angalau mmoja wao.

Mlango wenye shughuli kuliko yote: kivuko cha Likoni

Kivuko si jengo, najua. Lakini huwezi kuzungumzia Likoni ukakiruka. Huduma ya feri ilianza 1937, na sasa inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 300,000 huvuka kwa siku. Mwenda kwa miguu halipi. Simama kwenye mteremko saa kumi na mbili asubuhi, usikie lango linapofunguliwa: miguu, baiskeli, mikokoteni ya madafu, mama mwenye ndoo ya mahamri, wanafunzi, wote kwa pamoja, na hakuna anayekanyagana na mwenzake kwa makusudi. Nimeona milango mingi mizuri ya kuchongwa Mji wa Kale, yenye njumu na maandishi. Lango lile la chuma limepitisha watu wengi kuliko hiyo yote ikiwekwa pamoja.

Upande wa Kisauni nao ulikuwa na kivuko cha aina yake. Daraja la kwanza la Nyali, la 1931, lilielea juu ya maboya, na wavukaji walilipishwa. Hili la zege tulilo nalo lilifunguliwa 1980.

Unaoswaliwa bado: Msikiti wa Kongo

Kutoka Likoni shika barabara ya Lunga Lunga, ingia Kaunti ya Kwale hadi Diani, kisha tafuta mahali Mto Mwachema unapoingia baharini. Hapo, katikati ya mibuyu, umesimama msikiti wa karne ya 14 au 15, paa lake la mawe limepindwa kama ngalawa iliyofudikizwa. Mji uliouzunguka umetoweka. Msikiti haukutoweka, na tofauti na Jumba la Mtwana, hapa adhana inasikika na watu wanaswali. Majengo ya umri huo yanayoendelea na kazi ileile yaliyojengewa ni ya kuhesabika katika pwani nzima ya Kenya. Vua viatu, jisitiri, uliza wenyewe kwanza kabla ya kutoa kamera.

Udongo wa kwanza kuonja reli, na jengo jipya kuliko yote: Changamwe na Miritini

Changamwe ni jina la taifa kabla halijawa jina la mtaa. Pamoja na Kilindini na Tangana, Wachangamwe ni miongoni mwa Thelatha Taifa, na Wajomvu ni wa Tisa Taifa; wote kwa pamoja ndio Thenashara Taifa, wenyeji wa Mombasa. Kijiji cha Jomvu Kuu kilikuwa soko la Waswahili na Wamijikenda kukutana tangu zamani. Majina mengine ya huku ni ya wageni: Port Reitz ni la luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyewekwa kuisimamia Mombasa mwaka 1824 na kufa mwaka huohuo.

Reli ya Uganda ilipoanzia kisiwani 1896, ilivuka Makupa kwa daraja la mbao la muda, na bara la kwanza kukanyagwa na chuma chake likawa Changamwe. Mwaka 1963 kiwanda cha kwanza cha kusafisha mafuta ghafi Afrika Mashariki kikawashwa hapahapa. Kilizimwa 2013, na minara yake inaonekana kutoka mbali. Kisha tarehe 31 Mei 2017 kituo cha treni ya SGR kikafunguliwa Miritini, paa lake likiwa limechorwa kama mawimbi ya maji yanayotanuka. Ni kizuri. Historia yake bado ni fupi, kwa hiyo siwezi kumkawiza msomaji hapo.

Waliokaa zaidi, na siku kubwa kuliko zote: Rabai

Hapa ndipo ninapotaka kila anayesoma afike. Kutoka Changamwe fuata barabara ya Nairobi hadi Mazeras, ukate kulia. Ghafla joto la mji linabaki nyuma: vilima, minazi, mabonde ya mihogo na mahindi, na kwa mbali, siku yenye anga safi, bahari. Huku ni kwa Warabai, mmoja kati ya miji kenda ya Wamijikenda, na misitu yao ya kaya ni sehemu ya urithi wa dunia tangu 2008.

Krapf alihamia hapa mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann. Nyumba zao zingalipo, pamoja na makumbusho madogo na Kanisa la St Paul's la mwaka 1887. Ni majengo ya chini, meupe, yasiyojitapa, na ukoo wa Ukristo wa Kiprotestanti nchini Kenya unaanzia hapo. Kutoka hapo Rebmann alisafiri hadi akauona Kilimanjaro mwaka 1848, na alipoandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, mabingwa wa London wakakataa kumsadiki. Alibaki Rabai miaka 29 bila kurudi kwao. Alipoondoka 1875 alikuwa kipofu, akiongozwa kwa mkono na Isaac Nyondo, kijana wa hukuhuku Rabai, hadi Ujerumani. Kati ya wageni wote waliokuja pwani hii wakiwa na ujumbe, simjui aliyekaa kwa uvumilivu kama huo.

Lakini habari iliyo kubwa zaidi ya Rabai ni ya watu wa kwetu. William Jones, yule aliyetekwa utotoni na kupewa ushemasi Freretown, alifuatana na Hannington kwenda Uganda. Hannington akauawa Busoga, Oktoba 1885. Jones ndiye aliyeukusanya msafara uliobaki akaurudisha, na mwanzoni mwa 1886 wakaingia Rabai wakiwa wamechoka kabisa, mbele yao bendera ya buluu yenye neno moja, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Miaka hiyohiyo watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakimiminika Rabai, na Jones na wenzake waliwapokea. Waliwajua, walikuwa ndugu zao katika msiba. Wenye watumwa walikuja juu, wakitaka mali yao. Hatimaye George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA alikubali kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Mmoja mmoja, jina kwa jina. Katika majengo yote niliyoyataja hakuna lililoshuhudia siku kama hiyo. Hata ngome yenyewe, pamoja na mizinga yake na karne zake nne, haikuwahi kuona watu wengi kiasi hicho wakitoka nje wakiwa huru.

Walimu wa Kisauni, Likoni na Changamwe, nawaomba jambo moja. Basi la ziara ya shule likikodiwa mwaka huu, liende Rabai kwanza, na likirudi lisimame Kengeleni nusu saa. Fort Jesus itangoja, imezoea. Na wewe usiye na basi, ukitoka Buxton panda matatu yoyote ya Kisauni au Bamburi. Makanga humwelezi mengi. Mwambie tu akushushe kwenye kengele, na safari hii uinue macho.